Damu ya Ng'ombe wa Pili

Nilialikwa kwenye mkutano wa wafugaji mjini Bomet kama mtumishi mstaafu, nikapewa kiti cha plastiki katika safu ya mbele. Msemaji mmoja aliyevaa tai, alipotaka kuwachangamsha watu, alisema kwamba zamani palikuwa na mama wa maabara aliyepima damu ya ng'ombe mzima, akatangaza kuwa ana ugonjwa wa tumbo, ng'ombe huyo wa mjane akachinjwa, na ndani hakukuonekana kitu. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Niliinua mkono nipate kusahihisha, nikaambiwa muda umekwisha na chai iko tayari.

Kwa kuwa nilinyimwa nafasi ya kusema, naandika. Nilikuwa karani wa masjala katika kituo kidogo cha kuchunguza magonjwa ya mifugo upande wa chai, kituo ambacho siku hizi hakipo, na madaftari yake ya miaka ya tisini, mpaka nilipostaafu, yaliandikwa kwa mkono wangu. Ng'ombe huyo alichinjwa, ni kweli. Hakuwa na ugonjwa wa kuchinjiwa, ni kweli pia. Lakini kosa lililompeleka kisuni halikuwa la mama huyo, naye amelibeba mpaka linatajwa leo penye vipaza sauti. Mahali pake pakifika nitasema kosa lilikuwa la nani. Sitamficha mtu.

Nitamwita Mpimaji, maana ndicho cheo alichokikubali. Wafugaji walimwita Madam, na wengine Daktari, lakini neno la pili alilikataa papo hapo, hata mbele ya wageni. "Daktari ni yule anayeandika dawa," alisema. "Mimi napima." Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Itoshe kwamba alitoka pande za ziwani, na kwamba alipofika kwetu hakujua neno moja la Kikipsigis, na alipoondoka alikuwa akibishana kwa lugha hiyo na wachinjaji.

Kazi yake ilikuwa hii. Ng'ombe wa maziwa akikataa kula, akapunguza maziwa, akasimama amekunja mgongo, mfugaji husema ni tumbo. Lakini tumbo la ng'ombe ni nyumba ya vyumba vinne, na aliye nje haoni hata kimoja. Mpimaji alichukua damu ya shingoni, akaichanganya na dawa ya kugandisha, kiasi kwa kiasi, katika kichupa cha kioo, kisha akakaa akikiinamisha kila baada ya nusu dakika na saa yake ikiwa imegeuzwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Damu ya ng'ombe asiye na kidonda ndani hubaki majimaji hata robo saa ipite. Damu ya ng'ombe mwenye kidonda cha siku nyingi huganda kama maziwa ya mgando, mara nyingine kabla ya dakika tatu. Baada ya hapo alihesabu chembe nyeupe kwa hadubini, kwa sababu hakuamini shahidi mmoja.

Ugonjwa aliouwinda zaidi ya mengine ulikuwa ule wa waya. Ng'ombe hatafuni akachagua kama mbuzi, humeza kwanza. Kipande cha waya kikiingia na majani hutua katika chumba cha mbele cha tumbo, kikatoboa ukuta, na moyo hauko mbali na hapo. Ila mtu akisema mbele yake kwamba damu imeonyesha waya, alikasirika.

"Damu haijui waya," alisema. "Damu inajua ndani kuna moto. Nani aliwasha, hiyo tunauliza mteremko."

Alimaanisha mteremko hasa, ule wa udongo mwekundu nyuma ya kila boma la kwetu. Ng'ombe mwenye waya hupanda mlima bila neno. Kuteremka hukataa, au huteremka hatua fupi fupi akiguna, kwa kuwa tumbo humwelemea kwa mbele na waya kumchoma. Kwa hiyo Mpimaji hakuridhika na kichupa peke yake mpaka amemwona mnyama akiteremka. Nimemwona, mama mzima mwenye mwili, akirudi kinyumenyume kwenye utelezi mbele ya ng'ombe, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine umeshika sketi, akimwambia mnyama kwa upole, "Haya, mama, kuja tuone."

Jambo la kwanza lililopingana ndani yake lilikuwa maziwa. Aliishi kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, naye maziwa yalimdhuru. Kikombe kimoja kilimtosha kuugua siku nzima. Sasa, katika maboma yetu mgeni hupewa mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti, na kukikataa kibuyu ni kumkataa mwenye boma. Mpimaji alipokea kila kibuyu kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akashukuru, na njia nzima ya kurudi alikaa amejikunja ndani ya Land Rover.

"Ungewaambia tu," nilimshauri.

"Niwaambie nini? Natafuta tumbo la ng'ombe wao na langu limenishinda?"

Karanga ndizo zilizokuwa chakula chake. Alizibeba mfukoni mwa koti jeupe, jambo lililo kinyume na kanuni za maabara, nami nililitaja kwa maandishi mara mbili. Majibu yake yote mawili yamo kwenye jalada. La kwanza linasema, "Imeonekana." La pili linasema, "Karibu karanga."

Sasa nimtaje mzee mmoja wa Siongiroi, kwa maana ana sehemu yake mbele. Ujanani mwake alikuwa mtoa damu ng'ombe kwa njia ya wazee wetu: shingo hufungwa ukanda wa ngozi, mshipa ukavimba, ukapigwa mshale mfupi uliozungushiwa kizuizi karibu na ncha usizame, damu ikakingwa na kuchanganywa na maziwa. Tulimwita Mzee wa Mshale. Siku Mpimaji alipofika bomani kwake mara ya kwanza, mzee alikaa kwenye kigogo akimtazama anavyohangaika na kamba.

"Madam," alisema, "wewe ni mtu wa samaki. Samaki iko na damu?"

"Iko, Mzee. Lakini yake ni baridi, haina maneno."

"Na hii yetu iko na maneno?"

"Inaongea mpaka inachosha."

Mzee akainuka, akamnyang'anya kamba. "Unafunga kama mbuzi ya Krismasi. Leta hapa." Akafunga ukanda wake mwenyewe, akapiga shingo kwa kiganja, na mshipa ukasimama unene wa kidole gumba. "Sasa dunga." Damu ikaja mara moja. Mzee akaitazama ikipanda kwenye kioo, akatikisa kichwa. "Sisi tulikuwa tunakunywa, mtu anapata nguvu. Nyinyi mnapeleka kwa ofisi. Nani anapata nguvu?"

"Karani," alijibu Mpimaji, akinionyesha kwa kidevu. "Si unaona vile amenona?"

Walicheka kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo alitumia ukanda wa ngozi aliopewa na mzee, na kamba ya serikali ilibaki ukutani hadi panya walipoila.

Kuhusu vikapu vya chai, na jinsi chanzo cha waya kilivyojulikana, niseme kwa ufupi, kwa kuwa hilo nalo limesimuliwa vibaya. Mpimaji alikuwa na chupa ya jemu juu ya meza yake, na ndani yake aliweka kila waya ambao wachinjaji walimwekea kutoka matumboni. Waya za upande wa Londiani na Kipkelion zilikuwa nene, za ua, na misumari. Waya za maboma yanayolima chai zilikuwa nyembamba, laini, za namna moja. Aliniomba nipitie daftari na kutia alama kila boma lenye chai. Nilifanya hivyo, nikadhani ni udadisi tu. Asubuhi iliyofuata alisimama kwenye kituo cha kununulia majani ya chai akiwatazama akina mama wakingoja mizani. Mmoja alikuwa anaziba kikapu chake cha kuchumia kwa waya mwembamba, akivuta kwa meno.

"Mama, hii kikapu ikizeeka inaenda wapi?" aliuliza Mpimaji.

"Inaenda kubeba nepia, majani ya ng'ombe. Ama unataka nitupe?"

"Usitupe. Toa waya kwanza."

"Na nishone na nini, Madam?"

"Na ile kamba nyanya yako alikuwa anashonea."

Ndivyo ilivyogunduliwa. Kikapu kikichakaa, waya hukatika vipande vipande, vipande huanguka ndani ya majani, na ng'ombe humeza kwanza. Hata Chepalungu, ambako chai ni haba, vikapu hivyo vilifika vikiwa na zawadi za mabinti walioolewa upande wa chai, na vikiisha kupakuliwa vilipelekwa kwenye hori. Kijikaratasi kilichotolewa baadaye kuwaonya wafugaji kilikuwa na sahihi ya mkuu wa kituo peke yake. Nilikipiga taipu mimi. Nililiweka jina la Mpimaji chini yake, likarudi limekatwa kwa wino mwekundu.

Alikuwa na amri moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja, hata mkuu: kichupa kisiandikwe kabla ya kutiwa damu. "Ng'ombe kwanza, jina baadaye," alisema. Kibandiko cha plasta kiliandikwa palepale, mbele ya mnyama na mwenyewe, na mwenyewe alisomewa jina lake akaitikia. Niliona ni kupoteza wakati. Nilikuwa na mwandiko ambao maofisa wa wilaya waliusifia, na mwandiko huo haukuwa mzuri ukiandikwa kwenye goti, shambani, mbuzi wakipita.

Sasa nimefika mahali pake.

Katikati ya miaka hiyo, msaidizi wake aliugua, nami nikatumwa kufuatana naye Siongiroi kuchukua damu ya ng'ombe watano katika maboma matano. Nilikuwa na orodha yenye mpangilio: boma la kwanza la mama mmoja mjane, ambaye ng'ombe wake pekee alikuwa hajala siku nne, la mwisho la Mzee wa Mshale, ambaye ng'ombe wake alikuwa amepunguza maziwa kidogo tu na angali anakula. Usiku wa kuamkia safari, kwa kutaka kazi iwe safi, niliviandika vibandiko vyote vitano mezani kwangu, kwa wino mweusi, nikavibandika kwenye vichupa vitupu na kuvipanga kwa utaratibu wa orodha. Sikumwambia.

Tulipofika, mvua ilikuwa imevunja njia ya juu. Dereva akazunguka upande wa chini, kwa hiyo tulianzia boma la mwisho na kumalizia la kwanza. Mvua ilikuwa inanyesha bado. Mpimaji alichoma mshipa, mimi nikatoa vichupa kimoja baada ya kingine kama vilivyokuwa vimepangwa. Kila mara alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nami nikampa, na alipouliza, "Umeandika?" nilijibu, "Nimeandika." Ilikuwa kweli, na ndiyo kweli mbaya kuliko zote nilizopata kusema. Damu ya ng'ombe wa mzee iliingia katika kichupa chenye jina la mjane. Damu ya ng'ombe wa mjane iliingia katika kichupa chenye jina la mzee. Na kwa sababu ya mvua na utelezi, siku hiyo wenyewe hawakusomewa majina yao, wala yeye hakumteremsha ng'ombe hata mmoja.

Maabarani, kichupa chenye jina la mjane kiliganda kabla ya dakika tatu. Mpimaji aliandika alichokiona, akaongeza kwa mkono wake: "Mnyama ateremshwe kabla ya uamuzi." Mkuu wa kituo aliisoma nusu ya juu. Ng'ombe hajala siku nne, damu imeganda. Akaamuru achinjwe angali na nyama, mama apate chochote.

Tulikuwepo, mimi na daftari langu. Mchinjaji alifungua tumbo, Mpimaji akavua koti, akaingiza mikono hadi viwikoni, chumba baada ya chumba, akipapasa kila mkunjo. Lilikuwa limejaa majani machanga ya mvua, yaliyochacha. Ugonjwa wa siku chache, unaopita wenyewe. Mjane alisimama karibu, mtoto mgongoni.

"Iko wapi?" aliuliza. "Hiyo waya, Madam. Nionyeshe."

"Haiko, Mama."

"Haiko namna gani?"

"Haiko. Ni makosa."

"Makosa ya nani?"

Mpimaji aliifuta mikono yake kwenye majani, polepole, kidole baada ya kidole. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kuikumbuka mvua, na njia ya chini, na vichupa vilivyopangwa.

"Ni yangu, Mama," alisema.

Sikusema neno. Naandika hivi kwa sababu nimewakasirikia wengi katika kurasa hizi: msemaji wa tai, mkuu wa wino mwekundu. Mimi ndiye niliyestahili kukasirikiwa kwanza. Wakati ule kila ofisi ilikuwa inangoja orodha ya watakaopunguzwa kazini, na makarani walisemwa kuwa wa mbele. Nilikuwa na watoto wanne shuleni. Hizo ni sababu. Sizitoi kama udhuru.

Barua ya onyo niliipiga taipu mimi, nakala tatu. Aliisoma yote, akatia sahihi, kisha akanirudishia. "Karani, umesahau tarehe," alisema. Nikaweka tarehe. Mwaka wa pili yake orodha ilifika, na kwa kuwa jalada lake lilikuwa na onyo, jina lake lilikuwemo. Langu halikuwemo. Siku aliyoondoka alibeba hadubini yake mwenyewe, chupa ya jemu, na ukanda wa ngozi. Ofisi ilimnunulia keki. Hakuila, ilikuwa na maziwa.

Na hili ndilo lililonishinda kumwelewa kwa miaka. Mtu huyu hakuvumilia uongo hata mdogo kwenye karatasi. "Mnyama haongopi," alizoea kusema, "anayeongopa ni anayeandika." Aliwahi kunirudisha ofisini Jumamosi kwa sababu niliandika "ng'ombe mwekundu" na alikuwa wa kahawia. Basi aliwezaje kuliacha kosa kubwa namna ile likae kwenye daftari, juu ya jina lake?

Nilistaafu. Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, nikiwa sina tena cha kupoteza, nilikwenda Kipkelion, ambako alikuwa amefungua duka la dawa za mifugo karibu na reli. Sikuchukua daftari la serikali. Hilo halikuwa langu. Nilikuwa nimeunakili ukurasa ule kwa mkono, mstari kwa mstari, nikautia sahihi.

Alikuwa nyuma ya kaunta, miwani imeshuka puani, amenenepa zaidi. Aliponiona hakushangaa.

"Karani. Umekuja kununua dawa ya minyoo?"

"Nimekuja kukiri jambo, Madam."

"Basi kaa. Mtu hakiri akiwa amesimama kama askari."

Nikakaa. Nikauweka ukurasa kwenye kaunta, nikaeleza vibandiko, orodha, mvua, njia ya chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakaisha upesi. Aliendelea kumenya karanga.

"Nilijua jioni ile ile," alisema.

"Ulijuaje?"

"Damu niliiona ikiganda kwa macho yangu. Kama si ya ng'ombe wa mama, ni ya ng'ombe mwingine. Damu haitoki hewani, Karani. Na tena plasta yako ilikuwa safi. Siku ya mvua, kila kitu kina matope, plasta tu ndiyo safi."

"Na hukusema."

"Uliandika nini mstari wa chini? Soma."

Niliusoma ukurasa nilioubeba. Chini ya wale watano, siku nne baadaye, palikuwa na sampuli moja, ya Mzee wa Mshale, imepimwa upya: imeganda, dakika mbili na nusu. Mwandiko ni wangu. Niliuandika mstari huo kwa kusomewa, nikaunakili miaka baadaye kwa uangalifu wote, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Nyinyi mlikuwa mnaandika barua ya onyo," alisema. "Na kuna ng'ombe wa pili alikuwa amepewa jina la mzima, anaenda kufa. Nilianza kwa mzee kwa sababu orodha yako ilianza kwa mama, na sisi siku ile tulianza kwa mzee. Nikamteremsha. Aliguna mpaka mzee akanishika mkono."

Kumbe ndilo lile jambo. Kuna wakati wasafiri wa Siongiroi walikuwa wakisimulia kituko: ng'ombe wa Mzee wa Mshale amejengewa jukwaa la mbao, miguu ya mbele juu, ya nyuma chini, anasimama hivyo mchana kutwa. Watu walisema anangoja kuhubiri. Mimi pia nilicheka. Mpimaji alikuwa amemmezesha sumaku ya kuushika waya, daktari akamdunga dawa, na akamwinua kwa mbele wiki tatu ili tumbo lirudi nyuma na waya uache kuuelekea moyo. Kwa kuwa alikuwa angali anakula, ulikuwepo muda. Akapona.

"Mzee nilimweleza ukweli wote," aliendelea. "Nilimwambia ng'ombe ya mama ilikufa mahali pa yake. Halafu akaniuliza kama mama ako na nyasi."

Desturi hiyo kwetu ni ya zamani: mtu humkabidhi mwenziwe ng'ombe amlishe kwenye boma lake, maziwa yakawa ya mlishaji. Nilikuwa nimesikia kwamba mjane ameletewa ng'ombe wa kukamua kutoka kwa mzee, nikadhani ni huruma ya jirani. Alikuwa ni yule yule aliyeshuka jukwaani.

"Lakini jina lako," nilisema. "Ungelitetea."

"Ningelitetea, wangeuliza nani aliandika vichupa." Alipukuta maganda ya karanga mkononi. "Nami sikumteremsha ng'ombe wa mama. Mvua ilinishinda. Hiyo ni yangu, usininyang'anye. Na kazi ikiisha, mimi nina mikono, naweza kuanza mahali. Wewe ulikuwa na mwandiko tu."

Nilitaka kukasirika na sikuweza. Niliomba ruhusa ya kuyaandika haya siku moja, akakubali kwa sharti la kutomtaja yeye kwa jina, wala mama, wala mzee. "Andika kazi," alisema. Nimelishika sharti hilo.

Kabla sijaaga, mtu aliingia akivuta kamba, na nyuma yake, uani, palikuwa na ng'ombe mweusi amekunja mgongo. Hakuwa amekula tangu juzi. Mpimaji aliutoa ukanda wa ngozi msumarini, akatoka, akafunga, akapiga kwa kiganja. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama zamani.

Mezani palikuwa na vichupa, plasta na kalamu. Nilichukua kichupa kitupu, kisicho na kitu juu yake, nikampa. Damu ikapanda. Alipogeuka, akanipa kichupa kikiwa na joto bado, na kalamu.

Nikamuuliza mwenye ng'ombe jina lake. Nikaandika palepale, juu ya goti, kuku wakipita, na mwandiko ulikuwa mbaya. Mpimaji akakipokea kichupa, akainua miwani, akasoma kwa sauti, akamtazama yule mtu.

"Ni wewe huyu?"

"Ni mimi, Madam."

"Haya," alisema, akatia dawa ya kugandisha, akaigeuza saa yake ndani ya mkono, na sote watatu tukakaa kungoja.